Kinyonga Ajengewe Kwanza



Akina mama wawili wameniandikia juu ya jambo moja, nao hawajuani. Wa kwanza ni binti wa Mombasa aliyemfuata mumewe Uingereza. Mwanawe wa miaka 11 amehifadhi Juzuu Amma, na babake alikuwa amemwahidi zawadi yoyote atakayoitaja. Mtoto ametaja kinyonga. Baba, kwa kuwa ahadi ni deni, amekwisha kununua kwa bei nafuu tangi la kioo lililokuwa la samaki, na limewekwa sebuleni likimngoja mgeni. Mama anauliza kama tangi hilo litafaa, na kama si dhambi kumfungia kiumbe huyo. Wa pili ni mama wa Kilifi. Binti zake wamemkamata kinyonga wa kijani katika ua wa nyumba, wakamtia ndani ya ndoo na kuifunika kwa leso, naye anaomba vipimo vya kizimba ampelekee seremala.

Nianze na Kilifi, kwani jawabu lake ni fupi. Dada yangu, usimwite seremala. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na kinyonga ni katika wanyama hao, hata akiwa mdogo wa kukaa kiganjani. Tena, hata pasingekuwa na sheria, kinyonga aliyetolewa mtini akiwa mzima mara nyingi huwa na minyoo tumboni, na akifungiwa hupatwa na fadhaa, akaacha kula, akadhoofika polepole hadi akafa bila ya watoto kufahamu kilichomuua. Mrudisheni leo, jua lingali juu, katika ua ule ule mliomtoa, na mumweke juu ya tawi, si chini. Hana sumu, na mate yake hayampofushi mtu. Hayo tuliyatishiwa utotoni sote. Ikiwa binti zako wanampenda kweli, uacheni ua uwe mnene wala msiupulizie dawa ya wadudu. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha za matawi na rangi yake hupauka, hata mwanga wa tochi humfichua upesi. Wataweza kumtazama kila baada ya Isha bila kumgusa.

Sasa nimgeukie mama wa Uingereza, ambaye hali yake ni tofauti. Kinyonga anayeuzwa huko kwa wingi ni yule wa Yemen, mwenye taji refu kichwani mfano wa pezi la papa. Asili yake ni milima na mabonde ya Yemen na pembe ya kusini-magharibi ya Saudia, lakini hao wa madukani huwa wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, kizazi baada ya kizazi. Biashara ya vinyonga baina ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo muulize muuzaji alikozaliwa mnyama wake, na asiyeweza kukujibu muache na mnyama wake.

Suala la dhambi halihitaji maneno mengi. Habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, tumeisoma sote tangu chuoni. Tumesoma pia habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kijindege chake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomliwaza juu yake, wanavyuoni wameichukua kuwa hoja ya kujuzu kufuga ndege tunduni, kwa sharti la kuwatunza. Basi kufuga kwenyewe hakukukatazwa. Lawama iko katika namna ya kufunga, na hapo ndipo tangi la samaki linapoingia katika hesabu. Ongeza juu ya hayo kwamba sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2006 kuhusu ustawi wa wanyama inamhesabu mzazi kuwa ndiye mwenye dhamana ya mnyama wa mtoto aliye chini ya miaka 16. Kinyonga atakuwa wa mwanao kwa jina. Kwa dhamana ni wako na mumeo.

Tangi hilo lisitumike. Limejengwa kulala, ilhali kinyonga huishi kwa kupanda: akipewa urefu wa mita moja chini na nusu mita juu, nusu hiyo tu ndiyo atakayoiona kuwa nyumba. Kioo humrudishia sura yake, naye hudhani kuna kinyonga mwingine aliyeingia mahali pake. Hubadilika rangi, hujivimbisha, hushinda akigombana na kivuli. Hewa nayo hutuama ndani. Maji ya kunyunyiza yasipokauka, ukungu huota, na mapafu yake huugua. Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui: kioo cha kawaida huzuia miale ya urujuanimno aina ya B. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuitumia kalsiamu ya chakula. Mifupa hulainika, miguu hupinda, taya halifungi. Mnyama aliyewekwa karibu na dirisha lililofungwa, akiota jua kutwa, huugua maradhi hayo hayo.

Kinachotakiwa ni kizimba kilichosimama wima, chenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 120. Hivyo ni vipimo vya chini kwa dume la Yemen, ambalo pamoja na mkia wake huweza kufika sentimita 50 na zaidi. Usishawishike kumjengea mtoto wa kinyonga kijumba kidogo kwanza, kwa nia ya kujenga kingine baadaye. Huyu hukua upesi, na katika muda wa mwaka mmoja hivi huwa mkubwa kamili; na nyinyi mnajua, na mimi najua, kwamba "baadaye" ya nyumba yenye watoto watatu haiji.

Fremu iwe ya mbao ngumu kiasi, iliyorandwa isiyo na vibanzi. Mbao za mwerezi ziepukwe, kwa kuwa harufu yake nzuri inatokana na mafuta yanayowadhuru wanyama wa jamii ya mijusi. Kwa nyumba ya Uingereza, yenye hita inayokausha hewa wakati wa baridi, mgongo na mbavu mbili za kizimba zizibwe kwa plaiwudi au karatasi ngumu za plastiki, zishike unyevu; sakafu nayo iwe ya plastiki. Paa liwe wavu mtupu. Mlango uwe mbele, wote wa wavu, na chini ya mlango uachwe ukanda mwingine wa wavu wa kama sentimita 10, ili hewa baridi iingie chini na ya moto ipande itokee juu. Waliojenga nyumba za kale za Mji wa Kale waliijua kanuni hiyo kabla ya feni kufika. Kwa hapa Pwani, lau ingekuwa halali, kizimba kingekuwa wavu pande zote nne, maana hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Vipimo vilivyoandikwa kwa nchi moja havihami hivi hivi kwenda nchi nyingine.

Wavu uchaguliwe kwa makini. Waya wa banda la kuku una ncha zinazochana vidole na pua, na matundu yake ni makubwa mno: wadudu wa kulishia watatoka na kuhamia jikoni kwako. Wavu laini wa plastiki unaotumika madirishani kuzuia mbu huliwa na nyenje, na kucha za kinyonga hunasa humo. Chukua wavu wa alumini, au waya uliovikwa plastiki wenye matundu madogo. Kingo zake zibanwe ndani ya mbao kwa vibanzi vingine vya mbao, ncha yoyote ya waya isibaki ikielekea ndani, kwani kinyonga wa Yemen hupenda kutembea akiwa ananing'inia darini, tumbo juu. Mbao zipakwe vanishi ya maji mikono mitatu, ndani na nje, kisha kizimba kiachwe wazi mpaka harufu iishe kabisa. Wiki nzima si nyingi. Bawaba mbili na komeo moja lililo juu ya kimo cha mdogo wa mwisho, basi kazi ya seremala imekwisha.

Iliyobaki ni kazi ya mtoto mwenyewe, nayo ndiyo nzuri. Mguu wa kinyonga umeumbwa kama koleo: vidole vimefungamana makundi mawili, viwili upande huu na vitatu upande ule, na kwa miguu ya nyuma mpangilio hugeuka. Mguu wa namna hiyo haufai kitu juu ya sakafu tambarare. Juu ya tawi hakuna kiumbe anayeshika vizuri zaidi. Kwa hiyo matawi ndiyo sakafu ya nyumba hii, na nyumba isiyo na matawi ya kutosha ni nyumba isiyo na sakafu. Mwambie mwanao akusanye matawi yasiyopuliziwa dawa, ayasugue kwa maji moto, ayaanike. Yasiwe ya unene mmoja: mengine kama penseli, mengine kama kidole gumba cha babake, machache kama mpini wa jembe, ili miguu isishike kwa namna moja kila siku. Mengi yalazwe mlalo, yakiunganishwa na machache ya mshazari kama ngazi, na yote yakazwe kwa skrubu kutokea nje ya mbao, si kwa uzi. Tawi linaloyumba mnyama hulikwepa, nafasi ikapotea bure. Tawi moja la kuotea joto liwe juu kuliko yote, na upande wa pili mabichi yawe mazito kiasi cha kumficha mnyama asionekane kabisa. Mtoto atalalamika kwamba hamuoni. Kinyonga anayeweza kujificha ndiye anayethubutu kutoka; asiye na pa kujificha hukaa tu akiwa na rangi ya huzuni, na watu wakadhani ametulia.

Mimea iwe hai, ndani ya vyungu vyake, kwa sababu huyu wa Yemen, tofauti na vinyonga wengi, hula majani pia. Fikasi wa majani madogo na haibiskasi humfaa. Maniplanti hukua kwa urahisi na hushika matone vizuri. Udongo wa juu ufunikwe kwa mawe makubwa yasiyomezeka. Maua ya plastiki usiyatie, ameyahi kuyala wengi wa jamii yake yakawaziba matumbo. Sakafuni usitandaze chochote, wala maganda wala mchanga: sakafu tupu husafishwa kwa kitambaa kila asubuhi, na chini yake huwekwa trei ya kukingia maji, pakatobolewa matundu machache kwa keekee.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Kinyonga mara chache huyatambua maji yaliyotuama katika bakuli, hata akiwa na kiu ya kufa. Porini hunywa umande wa alfajiri na matone ya mvua yanayoteleza juu ya jani. Basi nyumba yake lazima inyeshewe. Alfajiri, kabla taa hazijawaka, na jioni zikikaribia kuzimwa, nyunyiza kwa chupa ya ukungu dakika mbili tatu hadi majani yadondoke. Baina ya nyakati hizo paachwe pakauke. Mchana weka juu ya paa kikombe cha plastiki kilichotobolewa tundu moja kwa sindano, matone yaangukie jani moja baada ya jingine. Mnyama huyafuata kwa jicho, kisha hunyosha shingo. Macho yaliyobonyea mchana ni dalili ya mapema ya kiu au maradhi. Ikiwa nyumba yenu huamka kwa Swala ya Alfajiri, saa hiyo ndiyo saa yake hasa, wala hamtahitaji mashine za kunyunyizia zinazouzwa kwa bei ya mbuzi.

Taa ni mbili, na zote hukaa nje ya wavu, juu ya paa. Moja ni tyubu ndefu ya urujuanimno, aina ya T5 yenye alama ya asilimia 6, iliyolala kukata paa lote. Mgongo wa mnyama akiwa juu ya tawi lake la kuotea uwe chini ya tyubu kwa sentimita 20 hadi 25. Huchakaa bila kuonyesha: mwanga wauona ule ule lakini miale imekwisha, kwa hiyo hubadilishwa baada ya mwaka. Nyingine ni ya joto, nayo ipime kwa kipimajoto palepale tawini, isizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Kinyonga hachelewi kuungua mgongo akiwa hana habari, na ndiyo maana taa haiwekwi ndani hata ikiwa na kikapu. Sehemu nyingine za kizimba zibaki nyuzi 22 hadi 25. Baada ya saa 12 za mwanga kila kitu kizimwe, na usiku upoe; nyuzi 18 hazimdhuru mnyama wa milimani. Taa nyekundu au za buluu za usiku ni biashara tu, zinamkosesha usingizi. Usishangae gharama ya taa ikipita ya mbao.

Kizimba kisimame juu ya meza, kichwa cha mnyama kiwe juu ya macho ya wanaopita, kwani anayeinamiwa na watu hujihesabu kuwa ni windo. Kiwe mbali na hita, na televisheni, na mlango unaobamizwa. Akae peke yake. Habari ya kumtafutia mwenzi asichoke ni huruma ya kibinadamu isiyomhusu, wawili huumizana au mmoja humnyima mwenzake joto na chakula. Nyenje watahifadhiwa hai ndani ya nyumba na kupakwa unga wa kalsiamu kabla ya kulishwa. Mama asiyeweza kuvumilia sauti ya nyenje jikoni aseme sasa.

Pengine, baada ya kusoma haya, mtamshauri mtoto achague mjusi mwingine wa mitini. Yupo mmoja mwepesi zaidi: mjusi mwenye kishungi wa New Caledonia, aliyedhaniwa kutoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Huyu vidole vyake hugandia kioo, hivyo sanduku la kioo lenye paa la wavu, sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 60, humtosha. Hupenda ubaridi wa nyumba, hulamba chakula cha unga kilichokorogwa na maji, na zaidi ya nyuzi 28 humchosha. Tangi la baba, likisimamishwa wima na kuwekewa mlango wa wavu, laweza kuokoka kwa njia hiyo. Iguana msimguse. Anauzwa akiwa urefu wa kalamu, naye hufika mita moja na nusu na kutaka chumba chake.

Na yuko mmoja ambaye akionyeshwa dukani ningependa mama yeyote wa Pwani ageuze uso. Ni kijusi cha buluu inayong'aa, kisichozidi urefu wa kidole kwa mwili. Porini hupatikana Tanzania tu, katika msitu wa Kimboza na vijisitu vichache jirani, chini ya milima ya Uluguru, naye huishi juu ya mikadi. Mkadi huo, ndugu wa ule ambao maua yake tunayatia katika vikuba na nguo za arusi, jina lake la kitaalamu limetokana na Rabai, hapa nyuma ya Mombasa. Wakusanyaji waliofika Kimboza waliwaona mijusi juu kabisa, mahali pasipofikika kwa mkono, wakawa wanaikata mikadi yenyewe ili kuwateremsha. Mwaka 2016 mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya walionaswa porini. Waliozaliwa vizimbani wapo Ulaya kwa halali, lakini kumtenga aliyezaliwa huko na aliyeibwa si kazi ya mnunuzi wa kawaida.

Ikiwa uamuzi unabaki kwa kinyonga wa Yemen, tafuteni dume. Hutambulika tangu kuanguliwa kwa kijinundu kilicho kisiginoni mwa mguu wa nyuma, jike hana. Jike hutaga hata asipopandwa, mayai ishirini, arobaini, na zaidi, na akikosa udongo wa kuchimba huyazuia tumboni mpaka yakamuua. Anayefuga jike lazima kizimbani aweke ndoo pana ya mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kushikana mkononi, kina chake sentimita 30, na akianza kuchimba kizimba kifunikwe shuka siku hizo ili asimuone mtu. Dume hana tabu hiyo, na huweza kuishi miaka 5 hadi 8. Mwanao atakuwa na miaka 16 au 19 wakati huo, ana mitihani na marafiki na simu. Semeni leo nani atakayeamka kunyunyiza.

Kizimba kikikamilika, kiwasheni kikiwa kitupu kwa siku saba. Mtoto apewe daftari, aandike asubuhi, adhuhuri na usiku joto la tawi la juu, joto la chini, na kipimo cha unyevu, na anyunyize majani kama kwamba mnyama yumo. Palipozidi painuliwe taa, palipopungua pazibwe wavu. Siku saba hizo zikienda bila ya kukumbushwa na mamake, ndipo babake amtimizie ahadi.